Mdomo wa chini na kidevu vimekufa ganzi baada ya kung'olewa gego, lakini uso haukupinda: ni neva ipi iliyoguswa?

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Ndugu wasomaji, hasa nyinyi mnaofanya kazi ya tiba, nawasalimu. Majuma sita yaliyopita niling'olewa gego la mwisho la taya la chini, upande wa kushoto, katika kliniki moja ya hapa mjini. Jino hilo lilikuwa limelala ndani ya fizi na kuliegemea jino jirani, hivyo ilibidi fizi ipasuliwe na mfupa uchongwe kidogo, na kazi ikachukua karibu saa nzima. Nilirudi nyumbani nikitarajia kwamba ganzi ya sindano ingeisha kabla ya jua kuzama. Ulimi ulirudi na shavu likarudi, lakini nusu ya kushoto ya mdomo wa chini, pamoja na ngozi ya kidevu iliyo chini yake, havijarudi hadi leo. Ninaponyoa ndevu najikata bila kujua mpaka nione damu kwenye kioo, na juma lililopita chai iliniunguza mdomo, nami nikaja kugundua baadaye kwa kuona lengelenge.

Linalonishangaza ni kwamba uso wangu haukupinda hata kidogo. Napiga mluzi, natabasamu, natamka maneno yote sawasawa, wala wanafunzi wangu hawajaona tofauti. Hata hivyo, nyumbani wanasema huu ni mwanzo wa kiharusi, kwa sababu wanakumbuka yaliyompata shangazi yangu mwaka jana. Yeye aliamka asubuhi moja upande wa kulia wa uso ukiwa umelegea, jicho halifumbi, chai inamwagika pembeni mwa mdomo. Lakini kila nilipomgusa shavuni au kidevuni, alihisi kidole changu barabara. Yaani mimi ninachezesha uso nisiouhisi, na yeye alikuwa akihisi uso asioweza kuuchezesha.

Nafundisha biolojia katika shule ya sekondari, kwa hiyo nauliza kwa ajili yangu na kwa ajili ya darasa. Ni mshipa upi huu, unapita wapi, na kwa nini jino la nyuma kabisa likiguswa ganzi iwe kidevuni, mahali ambapo hakuna aliyegusa? Tena naomba mtumie neno ambalo halitawachanganya wanafunzi, maana kwetu neno mshipa hutajwa kwa njia ya damu, kwa neva, kwa kano la msuli, na wengine huuita hivyo hata ugonjwa wa ngiri.


Daktari wa Meno, Ibanda (Bukavu)

Mwalimu, pole sana kwa usumbufu huo. Nianze na hofu ya nyumbani. Ganzi iliyoanza siku ileile ya kung'olewa jino, iliyo upande uleule wa jino, na isiyovuka mstari wa katikati wa kidevu, si picha ya kiharusi. Ni picha ya neva moja iliyoumizwa mahali pamoja. Nasi tuliosoma kwa Kifaransa tuna jina lake: ganzi ya mdomo wa chini na kidevu tuliizoea darasani kama alama ya Vincent. Kuhusu neno, nakushauri ushike neno neva kwa nyuzi zinazobeba habari, na uliache neno mshipa kwa njia za damu. Mwanafunzi akishazoea kutenganisha maneno hayo mawili, nusu ya somo imekwisha.

Binadamu ana jozi 12 za neva zinazotoka moja kwa moja katika ubongo na shina lake. Ile ya tano, ambayo katika vyuo vyetu huitwa kwa Kifaransa trijumeau, yaani ya mapacha watatu, ndiyo inayopokea hisia za karibu uso wote. Pacha wa kwanza huchukua paji la uso na jicho. Wa pili huchukua shavu, pembe ya pua, mdomo wa juu na meno ya juu. Wa tatu, tunayemwita neva ya mandibula, huchukua taya la chini, na ndiye pekee kati ya hao watatu anayebeba pia nyuzi za kuendesha misuli. Misuli hiyo si ile ya tabasamu. Ni misuli ya kutafuna. Uma meno kwa nguvu, kisha weka kiganja kwenye panja na kwenye kona ya taya: vitu vinavyovimba chini ya kiganja chako vinatii amri ya pacha huyu wa tatu.

Tuifuate sasa njia yake, kwa sababu jibu la swali lako limo njiani. Neva ya mandibula hutoka ndani ya fuvu kupitia tundu lenye umbo la yai, katika kina kilicho mbele ya sikio. Mara tu inapotoka hugawanyika. Tawi moja hupanda hadi panja na sehemu ya mbele ya sikio. Jingine huenda kwenye utando wa ndani wa shavu. Jingine huteremka hadi ulimini. Na lile linalokuhusu wewe, neva ya alveola ya chini, hushuka kwenye uso wa ndani wa taya, mahali ambapo mfupa unapanda kuelekea sikioni. Hapo, karibu na katikati ya mfupa huo unaopanda, kuna tundu linalolindwa na kichomozo kidogo kinachoitwa lingula, maana yake kiulimi. Neva huingia humo pamoja na ateri na vena yake, na tangu hapo inasafiri ndani ya mfupa, katika mfereji unaopita chini ya mizizi ya magego.

Ikiwa ndani ya mfereji, hutoa vijinyuzi kwa kila jino. Inapofika chini ya magego madogo hugawanyika mara mbili: sehemu moja huendelea mbele ndani ya mfupa hadi kwenye chonge na meno ya mbele, na nyingine hutokeza nje kupitia tundu la kidevu, ambalo kwa watu wengi liko karibu na ncha ya mzizi wa gego dogo la pili. Hiyo iliyotokeza sasa inaitwa neva ya kidevu. Hutandaza nyuzi zake kwenye ngozi ya kidevu, kwenye mdomo wa chini nje na ndani, na kwenye fizi ya mbele. Ndiyo sababu jino la nyuma linaguswa na kidevu ndicho kinachonyamaza. Kidevu hakikuguswa na mtu; waya wake ndio ulioguswa ulipokuwa ukipita chini ya gego.

Magego ya mwisho hayafanani. Kwa mmoja, mizizi iko mbali juu ya mfereji. Kwa mwingine, inaugusa. Na mara chache mfereji hupita katikati ya mizizi. Neva inaweza kubanwa na mzizi unaposukumwa, au kukwaruzwa na kifaa, au kubanwa na damu iliyovia ndani ya mfereji, kwa kuwa mfereji wa mfupa hauwezi kupanuka kama ngozi inavyovimba. Picha ya eksirei inayoonyesha taya lote hutoa dalili mapema: mzizi unakuwa mweusi pale unapokutana na mfereji, au mstari mweupe wa ukuta wa mfereji unakatika, au mfereji wenyewe unapinda kando. Mgonjwa akionekana na dalili hizo, inafaa aelezwe kabla ya kazi, na wakati mwingine hukatwa kichwa tu cha jino na mizizi ikaachwa mahali pake makusudi. Simlaumu aliyekutibu, maana sikuwapo wala sikuiona picha yako. Nasema tu kwamba hatari ya ganzi inajulikana, na ingawa wanaobaki nayo daima ni chini ya 1 kati ya 100, kila mgonjwa ana haki ya kuambiwa.

Nakuomba jambo moja kabla sijaendelea. Chukua kipande cha pamba, fumba macho, umwombe mtu akuguse taratibu kwenye mdomo, kidevu, kona ya taya, shavu, panja na ulimi, upande wa kushoto kisha wa kulia. Halafu gonga kila jino la chini kwa mpini wa kijiko. Utuandikie ulichohisi.


Mwanafunzi wa Tiba, Katuba (Lubumbashi)

Mwalimu, nami nakupa pole, na naomba ruhusa ya Daktari niliongelee suala la shangazi yako, kwa kuwa tumemaliza majuzi somo la neva za fuvu.

Iliyoumia kwa shangazi ni neva nyingine kabisa, ya saba, inayoitwa neva ya uso. Hii hutoka katika fuvu nyuma ya ncha ya chini ya sikio, huingia ndani ya tezi kubwa ya mate iliyo mbele ya sikio, na humo hutawanyika kuwa matawi matano: la panja, la mfupa wa shavu, la shavu, la ukingo wa taya na la shingo. Matawi haya ndiyo yanayokunja paji, kufumba jicho, kutanua tabasamu na kufunga mdomo ili chai isimwagike. Kwa hiyo sehemu ya chini ya uso ina mabwana wawili. Neva ya tano huuliza, “Nimeguswa?”, na neva ya saba huamuru, “Sogea!” Zinakutana katika ngozi ileile ya kidevu, lakini zimefika hapo kwa njia mbili: ya tano imepita ndani ya mfupa, na ya saba imepita juu ya mfupa, chini ya ngozi.

Tawi la ukingo wa taya ndilo linalopaswa kuangaliwa zaidi tunapozungumza kuhusu mdomo wa chini. Ni jembamba, linafuata ukingo wa chini wa taya, na kwa baadhi ya watu linashuka chini ya ukingo huo. Linaendesha msuli unaoshusha pembe ya mdomo, msuli unaoshusha mdomo wa chini, na msuli wa kidevu ule unaokunja ngozi mtu anapotaka kulia. Kwa sababu hiyo, daktari wa upasuaji anayepasua jipu chini ya taya hufundishwa kuweka mkato wake kiasi cha sentimita 2 chini ya ukingo wa mfupa. Tawi hilo likikatwa, mgonjwa akiwa ametulia unaweza usione kitu, lakini akicheka au akilia mdomo wa chini upande mmoja hauteremki, na uso unakwenda mshazari.

Kuhusu kiharusi, au AVC kama tunavyosema hospitalini, kuna kipimo kinachoweza kufanyika hata sebuleni: mwambie mgonjwa ainue nyusi. Misuli ya paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, ilhali ile ya sehemu ya chini ya uso hutegemea zaidi upande mmoja wa ubongo, ule ulio kinyume chake. Kwa hiyo kiharusi cha upande mmoja wa ubongo kwa kawaida hupindisha mdomo na kuliacha paji likikunjika. Neva ya saba yenyewe ikiugua nje ya ubongo, kila kitu cha upande huo hulala, paji na jicho pamoja na mdomo. Umesema jicho la shangazi halikufumba, na hilo linaelekeza kwenye ugonjwa wa neva yenyewe, unaoitwa kwa jina la Charles Bell wa Scotland, aliyeishi kuanzia 1774 hadi 1842.

Ningependa kuongeza kwamba neva ya tano, kupitia tawi lake la ulimi, ndiyo pia inayotupa ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi. Mwalimu ajipime kwa chumvi na sukari.


Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Nawashukuru wote wawili. Mke wangu alinigusa kwa pamba jana jioni, na mtoto wetu akaandika. Upande wa kulia nilihisi kila mguso. Upande wa kushoto, mdomo wa chini haukuhisi kitu kuanzia pembe ya mdomo hadi katikati kabisa, na hapo katikati mpaka ni kama umechorwa kwa rula. Kidevu vivyo hivyo, hadi ukingo wa chini wa mfupa. Shavu nalihisi, panja nalihisi, ulimi nauhisi, na kona ya taya, ambayo iko karibu zaidi na jino lililong'olewa, naihisi bila kasoro yoyote. Hilo la mwisho sikulitarajia. Meno ya chini ya kushoto, nikiyagonga, yanalia sikioni lakini hayajisikii kama yangu. Nikiyauma pamoja na ya juu, ni ya juu tu yanayojibu.

Chumvi na sukari nimezitambua pande zote mbili za ulimi. Paji nalikunja. Nikiuma meno, panja zote mbili zinavimba.


Daktari wa Meno, Ibanda (Bukavu)

Mwalimu, umefanya uchunguzi ambao wengi wetu tungeuona mzuri ukiandikwa katika faili la mgonjwa. Tuusome pamoja.

Misuli ya kutafuna inafanya kazi, panja na shavu zinahisi, ulimi unahisi. Basi shina la neva ya mandibula ni zima, na matawi yake yote ya juu ni mazima. Meno ya chini ya kushoto yamenyamaza pamoja na kidevu. Kama neva ya kidevu ingekuwa imeumia baada ya kutokeza nje, midomo na ngozi vingekufa ganzi na meno yangebaki na hisia zake. Kwa hiyo jeraha liko ndani ya mfereji, baada ya lingula na kabla ya tundu la kidevu, na mahali panapopatana na maelezo hayo yote ni chini ya gego lililotolewa. Hakuna mashine iliyotumika kupata jibu hilo. Ni pamba, kijiko, na kuijua njia.

Kona ya taya imekushangaza kwa haki, kwa sababu huwashangaza hata wanafunzi wetu. Ngozi ya hapo si mali ya neva ya tano. Inalishwa na neva kubwa ya sikio, inayopanda kutoka shingoni, kwenye neva za uti wa mgongo za shingo ya pili na ya tatu. Mtu akikwambia kwamba nusu nzima ya uso wake imekufa ganzi hadi kwenye kona ya taya na shingo, tafuta maelezo mengine zaidi ya neva ya tano peke yake.

Mdogo wangu wa Katuba ameeleza vizuri sana habari za neva ya saba, na yale ya paji la uso ningetamani kila familia iyajue. Pale kwenye ladha tu ndipo ninapomsahihisha, tena ni kosa ambalo nami nililifanya nikiwa na umri wake. Neva ya ulimi, tawi la neva ya tano, huupa theluthi mbili za mbele za ulimi hisia ya mguso, maumivu, joto na baridi. Ladha ya sehemu hiyohiyo ni ya neva ya saba. Nyuzi zake huachana na neva ya uso ndani ya mfupa wa sikio, hupita karibu na ngoma ya sikio kama uzi uliotandikwa, ndiyo maana uzi huo huitwa korda timpani, kisha hushuka na kujiunga na neva ya ulimi, zikasafiri pamoja ndani ya ala moja hadi ulimini. Mgeni amepanda gari la mwenyeji, lakini bado ni mgeni. Zinabeba pia amri kwa tezi mbili za mate zilizo chini ya taya na chini ya ulimi. Neva ya ulimi hupita karibu sana na gego la mwisho kwa upande wa ndani, na ikikatwa hapo, mgonjwa hupoteza mguso na ladha kwa pamoja, ingawa ni neva mbili zilizokatwa na si moja.

Ukitaka darasa lako lione jinsi neva hizi mbili zinavyokaribiana, wasimulie habari ya sindano ya ganzi. Mfupa wa taya la juu ni mwembamba, dawa ikiwekwa kando ya jino hupenya. Mfupa wa taya la chini kwenye magego ni mnene, dawa haipenyi vya kutosha, kwa hiyo tunaifuata neva kabla haijaingia mferejini, pale kwenye lingula, na nusu ya taya hulala mara moja. Njia hiyo ilianza New York katika miaka ya 1884 na 1885, William Halsted na mwenzake Richard Hall walipojaribu kokaini kuzunguka neva, muda mfupi baada ya Carl Koller kuitumia jichoni huko Vienna. Leo tunatumia lidokaini, iliyotengenezwa Sweden na Nils Löfgren mwaka 1943. Sasa, sindano ikienda nyuma mno, dawa huingia katika tezi ya mate mahali ambapo neva ya saba inagawanyika. Mgonjwa anahisi kidevu chake vizuri kabisa, lakini jicho halifumbi na mdomo unapinda, mpaka dawa iishe baada ya saa chache. Kwa sindano hiyohiyo, ikisogea kidogo tu, unapata picha yako au picha ya shangazi yako.

Na msione haya kwamba nyumbani walizichanganya neva hizi. Kabla ya kazi za Bell za kutenganisha neva hizi mbili, ambazo alianza kuzisoma mbele ya wanasayansi wa London mwaka 1821, na kabla François Magendie na wengine hawajazisahihisha, kulikuwa na madaktari wa upasuaji waliokata neva ya saba ili kumwondolea mtu maumivu makali ya uso. Mgonjwa alibaki na maumivu yake, na juu ya hayo akapata uso uliopooza. Kila ninapofundisha sura hii huwakumbuka wagonjwa hao, ambao majina yao hatuyajui.


Mama Muuguzi wa Himbi (Goma)

Mwalimu na wanangu, nimeuguza miaka mingi katika wodi ya watoto, na kuna neno ambalo sitaki mjadala huu ufungwe bila kusemwa. Mwalimu anajua sababu ya ganzi yake. Kuna wengine wanaopata ganzi ileile ya mdomo wa chini na kidevu bila kung'olewa jino, bila kupigwa, bila jipu. Hao wasiambiwe “itaondoka yenyewe”.

Kwetu namfikiria kwanza mtoto mwenye taya linalovimba upesi, meno yakilegea kabla ya wakati wake, na kidevu kisichohisi. Denis Burkitt aliyaeleza mauvimbe hayo ya taya nchini Uganda mwaka 1958, na nchi yetu imo katika ukanda huohuo wa malaria ambamo saratani hiyo huonekana. Hukua haraka kuliko nyingi, lakini pia huitikia dawa vizuri ikiwahiwa. Kumng'olea mtoto kama huyo jino moja baada ya jingine ni kumpotezea siku ambazo hana. Wa pili ni mwenye drepanositosi, yaani ugonjwa wa selimundu, mtu wa SS, ambaye katika siku za maumivu ya mifupa huamka kidevu kikiwa kimekufa ganzi, kwa kuwa chembe za damu zilizopinda umbo huziba vijia vya mfupa wa taya na neva iliyo ndani ya mfereji inakosa chakula. Huyo pia hahitaji kung'olewa jino. Na mtu mzima, hasa aliyewahi kutibiwa saratani ya matiti au ya damu, ganzi hiyo ikimjia ghafla bila sababu ya meno, aende hospitali na aiseme waziwazi, hata kama haimuumi.

Kuhusu shangazi, Mwalimu, natumaini jicho lake lililindwa. Mtu akipatwa hivyo tena katika familia, afikishwe kwa daktari ndani ya siku 3, maana dawa za kotikosteroidi hufaa zaidi zikianza mapema, na jicho lisilofumba litiwe machozi ya dukani mchana na kufunikwa usiku, lisije likakauka na kupata kidonda.


Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Mama, asante kwa neno hilo. Nitalisoma darasani kama ulivyoliandika. Jicho la shangazi lilifunikwa kila usiku, na uso wake ulinyooka baada ya miezi 2.

Daktari, limebaki swali moja. Je, neva iliyoumia mferejini hurudi? Jirani ameniletea vidonge vya vitamini B, na mwingine amenishauri nikande kidevu kwa kitambaa cha maji moto kila asubuhi.


Daktari wa Meno, Ibanda (Bukavu)

Kitambaa cha maji moto ukiache kabisa, Mwalimu. Ngozi isiyohisi haiwezi kukuambia kwamba inaungua, kama chai ilivyokwisha kukuonyesha. Chai na sombe ya moto uipime kwanza kwa upande wa kulia wa mdomo, na kunyoa kufanyike mbele ya kioo. Vitamini siikatazi ikiwa chakula chako kina upungufu, lakini haiungi neva iliyokatika, na mtu asikuuzie kwa ahadi hiyo.

Kuhusu kurudi, tunaendelea kutumia madaraja matatu aliyoyapanga Herbert Seddon wa Uingereza mwaka 1943. Katika daraja la kwanza, neurapraksia, neva imebanwa na ujumbe umesimama, lakini nyuzi ni nzima. Hurudi baada ya siku au majuma. La pili, aksonotimesi, nyuzi zimekatika ilhali ala zake zimebaki. Hapo nyuzi huota upya kutoka upande wa ubongo kwenda mbele, kwa mwendo wa karibu milimita 1 kwa siku. La tatu, neurotimesi, neva nzima imekatika, na bila upasuaji haitegemewi kurudi vizuri. Wewe umefikisha majuma sita, na hiyo inanifanya nifikirie daraja la pili zaidi kuliko la kwanza. Kutoka chini ya gego la mwisho hadi ngozi ya kidevu ni sentimita kadhaa, kisha nyuzi zinahitaji muda wa kushikana na ngozi, kwa hiyo hesabu yako ni ya miezi, si ya siku. Unalo jambo moja la kukusaidia: neva hii imo ndani ya mfereji wa mfupa, na mfereji huo huzielekeza nyuzi zinazoota ili zisipotee njia. Neva ya ulimi, iliyo katika nyama laini, haina bahati hiyo.

Dalili ya kwanza haitakuwa mguso wa kawaida. Itakuwa sisimizi, mwasho, au mshtuko mdogo kama wa umeme ukigonga kwa ncha ya kidole juu ya tundu la kidevu. Wengi huogopa na kudhani hali imeharibika, kumbe nyuzi zimeanza kuamka. Kila baada ya majuma mawili, mtoto wako achore upya mpaka wa ganzi kwa kalamu juu ya ngozi, mpige picha, muandike tarehe. Mpaka ukipungua, tunangoja. Ukitimiza miezi 3 bila mpaka kusogea hata kidogo na bila sisimizi yoyote, au ukianza kupata maumivu makali ya kuchoma, usingoje mwaka uishe. Tafuta daktari wa upasuaji wa mdomo na mataya aamue kama mfereji ufunguliwe, kwa kuwa neva inayotengenezwa mapema hupona vizuri kuliko iliyosahauliwa. Nenda na eksirei yako ya kabla ya kazi, na kliniki ikuandikie barua ya yaliyofanyika.


Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Narudi baada ya majuma matatu. Jumanne asubuhi, nikinyoa, nilihisi kama sisimizi watatu au wanne wanatembea chini ya pembe ya mdomo. Niligonga pale Daktari alipoelekeza na mshtuko ukakimbia hadi katikati ya mdomo. Tumechora mpaka: kwa upande wa pembe ya mdomo umerudi ndani kwa upana wa kidole kimoja, na kidevuni haujasogea. Picha zote mbili nimezibandika kwenye daftari la somo, na Jumatatu ijayo wanafunzi watachora njia ya neva ya tano kwa rangi moja na ya neva ya saba kwa rangi nyingine, juu ya taya la mbuzi tuliloomba buchani Nyawera. Tundu la kidevu tumekwisha kulitafuta kwa kijiti cha ufagio, nacho kimepita bila shida.